Tulimpungia Mkono Mzee Eilert

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Solbjørg Haukland. Ndugu wanachama sita tuliopo, na wa saba ambaye hayupo:

Karibu kisiwani Tarvøy. Kahawa ni ya moto, lefse, chapati zetu za viazi, kapika Bi Gudny, na mvua hii tuwie radhi, ndiyo tuliyo nayo. Tunajua unarudi na feri ya saa nane, hatutakuchosha.

HISTORIA YETU
Umoja wetu una miaka kumi na minane. Ulianza pale bata bukini wa mwituni walipozoea kutua hapa kila Aprili wakielekea kaskazini, wakamaliza majani ya kondoo wetu. Tukaapa kuwafukuza kwa pamoja. Pamoja gani! Kila mtu alipunga mikono mpaka ndege wakahamia kwa jirani, na jirani akamrudishia. Tunawazungusha hivyo mpaka leo, na wao wananenepa tu.

MAFANIKIO
Hatuna. Mwenyekiti wetu, Mzee Eilert Nergård, alikuwa akitusuta: "Watazameni wale angani! Wa mbele akichoka anarudi nyuma, mwingine anashika nafasi. Nyie hata ufunguo wa ukumbi mnategeana!" Tulicheka. Ufunguo akabaki nao yeye, na uenyekiti pia, miaka yote kumi na minane.

CHANGAMOTO
Hapa, Mheshimiwa, tunaona haya. Aprili hii Mzee Eilert aliteleza shambani kwake, akavunjika nyonga. Alilala nyuma ya ukuta mfupi wa mawe, akawa anapunga mikono, na mikono tu ndiyo iliyoonekana. Bi Gudny aliiona kutoka dirishani, akasema, "Jamani, mzee huyu ana nguvu! Tangu asubuhi anafukuza tu." Akampungia. Jostein naye akampungia kutoka kwenye trekta. Sote sita tulimpungia, saa tatu nzima, na baridi ile. Mpaka Jostein alipoona bata bukini wanakula pale pale kando ya ile mikono, bila wasiwasi, ndipo aliposhtuka. Tulipofika, mzee alitutazama akauliza, "Mmeshamaliza kusalimia?"

Husemwa bata bukini akianguka, wenzake wawili hushuka wakakaa naye. Sisi tulikuwa sita.

MAOMBI
Mzee bado yuko hospitali huko bara, na tumesikia ofisi yako inataka kumweka moja kwa moja katika nyumba ya wazee kule bara, kwa kuwa hana mtu wa kumtunza. Hatuombi gati, wala bunduki. Tunaomba arudi nyumbani. Orodha ya zamu hii hapa: Jumatatu Gudny, Jumanne Jostein, na kuendelea hadi Jumamosi. Jumapili bado tunaigombania, kila mtu anaitaka. Hatujawahi kugombana hivyo hapa. Ufunguo wa ukumbi nao sasa tunapokezana.

Mungu akuvushe salama, Mheshimiwa. Na ukifika bara ukamwona Mzee Eilert kwenye dirisha la hospitali akikupungia, tafadhali, usimpungie. Ingia ndani, utuletee mzee wetu.

Ni sisi,
Umoja wa Wafukuza Bata Bukini wa Tarvøy
Imesomwa na Jostein Brekkan, mwenyekiti wa zamu, wiki hii