Godelieve Staelens na Harufu ya Jikoni

Baada ya miaka thelathini na minne katika Ujumbe wa Mto wa Ubelgiji hapa Breda, Uholanzi, Bi Godelieve Staelens anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Wasifu huu nimeombwa niandike mimi, Ghislain, afisa usalama wa jengo. Kwa nini mimi, wakati ofisini wapo watu wanaotabasamu kwa urahisi zaidi? Nimeuliza mara mbili na sijapata jibu la kuridhisha.

Alitujia kutoka Essen, upande wetu wa mpaka, lakini kwa hatua chache tu. Baba Mbelgiji, mama Mholanzi. Nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Alikula samaki mbichi kwa vitunguu akiwa amesimama, akaendesha baiskeli kwenye mvua bila kulalamika, kama Mholanzi kamili. Mbelgiji gani huyo?

Kazi yetu mnaijua. Meli za Antwerp, bandari yetu, hupita kwanza kwenye maji ya Uholanzi, kwa hiyo kila tukitaka kuchimba mto ili ziingie meli kubwa zaidi, hatuna budi kuwaomba majirani. Majirani hawakatai. Husema watafikiria. Godelieve alianza na takwimu za bandari na kumaliza akiwa mjumbe wetu mkuu wa biashara. Ni yeye aliyetupatia nafuu ya ada za marubani wa meli. Ni yeye pia aliyewafanya Waholanzi, ambao humpa mgeni biskuti moja tu na kufunga, wafungue kopo la biskuti mara ya pili katika kikao kimoja, jambo lililowashinda mabalozi.

Lakini mwaka wake wa tisa hapa nusura uwe wa mwisho. Siri zilikuwa zinavuja. Kila tulipoamua faraghani kulegeza msimamo, Waholanzi waliingia ukumbini wakiwa na nguvu mpya na kutukaba mpaka tukalegea. Tulipoamua kukaza, waliongea kwa upole na kuondoka mapema. Walijuaje? Nilikagua simu, nikakagua taa, nikakagua hata chungu cha maua. Sikuona kitu. Wakubwa wetu wa Brussels wakauliza nani hapa ana mama Mholanzi, na ikaamuliwa Godelieve arudishwe nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa mwanadiplomasia, kurudishwa kwa sababu hiyo ni kuzikwa ungali hai. Hakuna ofisi ambayo ingempokea tena.

Hakulia. Alinijia mlangoni kwangu akiwa amefura.

"Ghislain, wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho. Basi kesho acha kukodolea macho watu wetu. Mtazame Brandsma anapovua koti."

Nilimtazama. Sietse Brandsma, kiongozi wa ujumbe wa Uholanzi, alitundika koti lake polepole, akainua pua kuelekea jikoni, akavuta pumzi. Kisha akamgeukia mwenzake na kunong'ona, "Nyama. Leo wanaachia."

Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Delcourt, alikuwa mtu wa haya. Siku aliyojua atakubali matakwa yao, aliagiza nyama ya ng'ombe ipikwe kwa bia tangu asubuhi, na viazi vya kukaanga na divai, ili angalau tushindwe kiungwana. Siku ya kukataa aliagiza mkate na jibini. "Waache wale mkate wao," alikuwa akisema. Kumbe siri za taifa zilikuwa zinatoka kwenye sufuria!

Kikao kilichofuata kilikuwa kile kikubwa, cha nani abebe gharama za kuchimba mto. Waholanzi walitaka tubebe zote. Sisi tulikuwa tumeamua kukataa katakata. Godelieve aliingia jikoni mwenyewe, akamwambia mpishi wetu Mariëtte, "Mama, weka nyama motoni. Nyingi. Na mlango uache wazi."

Brandsma alinusa, akaketi akiwa na furaha kama bwana harusi. Alidai yote asubuhi nzima. Akala, akaongeza, akadai yote tena, akingoja tulegee. Hatukulegea. Jioni, akiona aibu kurudi kwa wakubwa wake The Hague mikono mitupu, alisaini nusu kwa nusu. Msaliti angemwonya asiiamini nyama ile. Brussels waliona hivyo pia, na Godelieve akabaki.

Mimi sikuridhika haraka. Nilimfuatilia miaka mingine miwili, kwa kuwa mtu anayeweza kudanganya kwa nyama anaweza kudanganya kwa lolote. Alijua. Kila asubuhi alinifungulia mkoba kabla sijasema neno. "Kagua, bwana, usije ukakosa usingizi." Humo hamkuwa na kitu ila miwani, kitana na biskuti moja, ambayo baada ya muda niligundua alikuwa akiniletea mimi.

Sasa geuzeni karatasi hii mtazame chakula cha leo cha kumuaga. Alikataa tumchagulie. Mkate, jibini, na mtindi wa kunywa. Nyama hakuna. Nilipomuuliza maana yake, alicheka. "Kazi yako si kunusa? Nusa!" Juzi Bwana Brandsma, ambaye naye amestaafu na yuko nasi leo, alipiga simu kuuliza jambo hilo hilo. Nilipomsomea, alisema, "Mkate? Basi mama huyo haachii."

Nami sipendi aondoke. Hilo ninaliandika wazi ili asipate shida ya kulichunguza.

Godelieve, ahsante kwa mto, kwa mzaha na kwa biskuti. Tunakuombea afya, barabara kavu za baiskeli na majirani wanaokubali mara ya kwanza. Kwa mujibu wa kanuni, kadi yako ya mlango inatakiwa irudi mezani kwangu Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Sitaiulizia.