Mashine Inayomwogopa Bibi

Mjukuu: Haloo? Babu, shikamoo. Nina kompyuta ya mteja imefunguliwa mezani hapa, naomba nikupigie bada—

Bibi: Babu yako hayupo. Ni mimi, mke mwenzio. Simu ameisahau kwenye chaji.

Mjukuu: Bibi! Shikamoo. Kama hayupo, mbona unanong'ona?

Bibi: Marahaba. Nanong'ona kwa sababu nafanya wizi, na kila kazi ina adabu yake. Ile flashi uliyonipa ndani ya boksi la sabuni iko mkononi mwangu. Leo ndiyo leo.

Mjukuu: Bibi, Babu alisema kitabu chake kisiguswe.

Bibi: Alisema hakitoki nje mpaka kimalizike. Flashi itakaa kwenye kopo langu la nyuzi. Kopo la nyuzi liko nje?

Mjukuu: Haliko nje.

Bibi: Basi hatujakosana na mtu. Miaka kumi na moja anaandika habari za ukoo wetu, na zote zimo ndani ya hilo kasha moja la kompyuta. Juzi limezima mara mbili, jana mara tatu. Na wewe mwenyewe fundi ndiye uliyenitia hofu.

Mjukuu: Nilisema ukweli. Ile sauti ya kukwaruza ni diski imechoka. Ikiendelea kuzimika ghafla hivyo, siku moja haitaamka, na kila kilichomo—

Bibi: Usimalizie, maneno huumba. Nifanye nini?

Mjukuu: Babu yuko wapi na anarudi saa ngapi?

Bibi: Kwa kinyozi. Nywele anazo kumi na mbili, lakini maneno anayo elfu. Tuna nusu saa.

Mjukuu: Sawa. Washa. Kitufe kikubwa cha mbele ya kasha.

Bibi: Nimeshawasha. Nilisubiri iwake ndipo nikupigie, nisile salio la mume wangu bure. Picha yako ya darasa la kwanza imetokea, ile huna meno.

Mjukuu: Tuendelee. Nyuma ya kasha kuna matundu bapa, yamepangana. Ingiza flashi.

Bibi: Ngoja nizunguke meza, nifunue kidogo. Haiingii.

Mjukuu: Igeuze.

Bibi: Bado.

Mjukuu: Igeuze tena.

Bibi: Imeingia. Sasa hapo nimegeuza nini, si imerudi kama ilivyokuwa?

Mjukuu: [anacheka] Hata sisi mafundi hatujui, Bibi. Rudi mbele. Shika kipanya. Kwenye kioo kuna kabati dogo la njano limeandikwa jina la ukoo.

Bibi: Nimeliona.

Mjukuu: Libonyeze kwa kitufe cha kulia, mara moja. Litafunguka orodha. Tafuta neno *nakili*.

Bibi: Taratibu, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu na mwalimu mwenyewe alikuwa mgonjwa. Na… na-ki-li. Nimebonyeza.

Mjukuu: Hodari. Sasa fungua flashi, bonyeza kulia tena, halafu *bandika*.

Bibi: [mtandao unakwaruza] Kuna kijiti cha kijani kinatambaa. Asilimia kumi. Kumi na mbili.

Mjukuu: Kiache kitambae. Usiguse kitu.

Bibi: Sigusi, nimeikunja mikono kama niko mbele ya hakimu. Ishirini. Ila huyu paka nitakuja kumfunza adabu. Kitambaa changu amekigeuza tena wiki hii.

Mjukuu: Kitambaa gani?

Bibi: Si kile nilichokifuma, chenye ua jekundu. Ua linakaa mbele. Kila nikirudi kutoka kwenye kikundi chetu cha kufuma siku ya Alhamisi nalikuta limetazama ukutani. Thelathini na tatu. Thelathini na—

Mjukuu: Bibi?

Bibi: Imekufa.

Mjukuu: Imezimika?

Bibi: Kioo cheusi tii. Mjukuu wangu, nimemuulia babu yako kitabu chake.

Mjukuu: Hujaua. Usiwashe. Bibi, sikia, usiwashe kwanza. Pitisha mkono juu ya kasha, bila kuligusa. Likoje?

Bibi: Kama pasi ya mkaa.

Mjukuu: Na nyuma?

Bibi: Nyuma ndiyo usiseme. Unaweza kukaanga yai.

Mjukuu: Nyuma kuna feni ndogo inayotoa joto. Kuna kitu kimeiziba?

Bibi: Hakuna kitu. Kitambaa tu.

Mjukuu: Hicho kitambaa, Bibi, kimefunika wapi na wapi?

Bibi: Juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, nyuma mpaka chini. Mbele nimeacha kitufe. Unadhani nilipima ovyo? Kimebana vizuri kama sare ya shule. Redio nayo ina chake, na televisheni ina chake, na haijalalamika.

Mjukuu: Televisheni haina joto kama hilo. Umeivalisha kompyuta sweta, Bibi. Inapandwa na homa, ikizidiwa inajizima yenyewe isiungue.

Bibi: Miaka yote hii?

Mjukuu: Ulikifuma lini?

Bibi: Mwaka ule mjomba wako alipotuletea hiyo kompyuta. Jamani. Na mimi kila ikizima namnunia babu yako, namwambia anaandika mno.

Mjukuu: Kivue sasa hivi. Chukua sinia uipepee.

Bibi: Nakivua. [kelele za sinia] Nampepea kama mzazi. Pole, mama. Pole.

Mjukuu: Dakika tano. Usichoke.

Bibi: Nimelea watoto sita kwenye surua, nitachoka na kasha? Unajua babu yako husema nini ikizimika? Hasemi ni mbovu. Husema, "Mashine hii inakuogopa wewe. Ukitoka nyumbani inafanya kazi kama punda, ukirudi inazirai." Nami nilidhani ananitania.

Mjukuu: Hivyo ndivyo anavyosema?

Bibi: Hivyo hivyo. Imepoa. Niwashe?

Mjukuu: Washa. Taratibu.

Bibi: Inakwaruza. Inakwaruza… imeamka. Bibi kizee mwenzangu, ahsante. Na yule asiye na meno huyu hapa.

Mjukuu: Fanya kama mwanzo. Kulia, nakili. Flashi, kulia, bandika. Ikiuliza kuhusu faili zilizokwisha kupita, kubali.

Bibi: Imeuliza, nimekubali. Kinatambaa. Arobaini. [mtandao unakwaruza] Hamsini na tano.

Mjukuu: Kasha likoje?

Bibi: Vuguvugu, kama mtoto aliyelala. Sabini. Nachungulia dirishani… naye huyo, amefika kwa jirani. Kichwa kinang'aa.

Mjukuu: Yuko langoni?

Bibi: Jirani amemsimamisha. Mungu ambariki jirani na umbea wake. Themanini na nane. Tisini na sita. Kijiti kimepotea.

Mjukuu: Kimepotea kwa sababu kimemaliza. Fungua flashi, kabati la njano lipo?

Bibi: Lipo. Na ndani yake makaratasi tele. Hili la kwanza limeandikwa… "Mke".

Mjukuu: Basi. Kazi imekwisha. Sasa chini pale kona ya kulia kuna alama ya kutoa flashi kwa—

Bibi: Ngoja kwanza, narudi kwenye kabati la kasha lenyewe, nilione hilo "Mke".

Mjukuu: Bibi, usilifungue.

Bibi: Limefunguka lenyewe. Mbona herufi kubwa hivi? Kama za kitabu cha darasa la kwanza.

Mjukuu: Macho yatakuwa yanamsumbua.

Bibi: Babu yako? Anatambua mbuzi wa jirani kutoka ng'ambo ya barabara, na jina lake. [anabonyeza kipanya] Mafaili mengine yana herufi ndogo. Hili tu ndilo kubwa.

Mjukuu: Bibi…

Bibi: Nyamaza, nasoma. "Siku ya kwanza tulikutana bombani. Alinimwagia maji makusudi ili nimtazame." Muongo huyu.

Mjukuu: Hukummwagia?

Bibi: Nilimmwagia, tena ndoo nzima. Aliruka foleni. Hilo la foleni hakuliandika. "Nilimtazama, na mpaka leo sijamaliza kutazama."

Mjukuu: Bibi? Uko hewani?

Bibi: Niko. Mafua. Kidude cha kufanya herufi ianze kubwa ni kipi?

Mjukuu: Usiandike kitu. Atajua umefungua.

Bibi: A. L. I… R… U… Ajue. Kwenye flashi ana ukweli wake, hapa kwenye kasha na mimi nina wangu. Watakaokuja nyuma yetu wataamua. "Aliruka foleni." Na nukta. Nimefunga, ikauliza nihifadhi, nikasema ndiyo.

Mjukuu: Wewe ni hatari. Toa flashi.

Bibi: Imo kwenye kopo, chini ya uzi mweusi. Ameagana na jirani, anakuja. Nirudishe kitambaa haraka—

Mjukuu: Usirudishe. Bibi, nisikilize kidogo. Wewe una paka anayeweza kukivua kitambaa kinachobana kama sare ya shule, akakivalisha tena?

Bibi: Hana mikono hiyo.

Mjukuu: Na ua linageuka Alhamisi tu. Siku ambayo wewe hupo na mashine haizimiki.

Bibi: [mtandao unakwaruza]

Mjukuu: Bibi?

Bibi: Miaka kumi na moja anakivua nikitoka, anakivalisha nikikaribia. Na kuvalisha hajui. Nilikifuma miezi miwili, mjukuu wangu. Nilimwambia ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufuma.

Mjukuu: Hebu mwambie tu kwamba umejua.

Bibi: Nimwambie nini? Watu wazima hawavuani nguo. Mkasi uko wapi… huu hapa. Nafumua mgongo tu. Mbele ua litabaki, nyuma itapumua.

Mjukuu: Akikuuliza?

Bibi: Ndiyo fasheni mpya ya kikundi. Amefungua mlango. Haya, tunaongea habari za mvua. [sauti inapanda] Ndiyo, hata huku mawingu tu.

Mjukuu: Anasema nini?

Bibi: [ananong'ona] Ameuliza nani huyo, nimemwambia mke wake mdogo. Anakusalimu. Amekiona kitambaa. Ameona uzi umejaa sakafuni.

Mjukuu: Kisha?

Bibi: Ameitazama kompyuta, akanitazama mimi. Amevuta kigoda.

Mjukuu: Anafanya nini?

Bibi: Ameshika ncha ya uzi, mimi nafumua, yeye anausokota kuwa donge. Donge lenyewe baya, limekaa kama kich—

[Salio limekwisha.]