Barnabas Mugo Njeru, Mtunza Bwawa la Yarrow

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutoka Northfield, Longbridge, Harborne na mbali zaidi, wengine mkiwa mmetoka zamu na hamjapata hata lepe la usingizi, familia inawashukuru kwa kufika, na sasa inawasomea maisha ya mpendwa wetu Barnabas Mugo Njeru, kama alivyoyasimulia mwenyewe na kama tulivyoyaona.

Barnabas alizaliwa tarehe 11 Juni 1963 karibu na Kagio, Kirinyaga, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Njeru, aliyekuwa akifungua na kufunga milango ya mifereji katika mashamba ya mpunga ya Mwea, na Mama Wanjira, ambaye baada ya mtoto wa jirani kuzama aliwakataza wanawe kabisa kuingia majini, ndiyo maana Barnabas alikua akiyatazama maji kutoka ukingoni, alasiri nzima, mpaka mbingu na mpunga vikachanganyika machoni pake asijue kipi kiko juu.

Alisoma shule ya msingi Kagio kuanzia 1970 hadi 1976, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, akajifunza ufundi bomba katika chuo cha ufundi Thika, na kuanzia 1985 akafanya kazi ya mabomba mjini Embu kwa miaka kumi na tisa. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Nyokabi, muuguzi, wakajaliwa Ronny mwaka 1995 na Cheryl mwaka 1999. Nyokabi alitangulia kuja Birmingham, na Barnabas akamfuata na watoto tarehe 9 Septemba 2004, wakaishi Northfield hadi leo.

Mwanzoni alihudumia wazee majumbani, kisha akakutana dukani na Ranjit, mzaliwa wa Nakuru, aliyekuwa na kampuni ndogo ya kutunza mabwawa ya kuogelea, ambaye aliposikia kwamba huyu ni fundi bomba wa Embu alimshika mkono palepale akamwambia, "Bwana Mugo, maji inataka mtu mpole, wewe kuja kesho." Alienda kesho yake, na hakuondoka tena.

Miongoni mwa mabwawa aliyoyatunza, alilolipenda kuliko yote ni bwawa dogo la wazi nyuma ya Klabu ya Yarrow, Harborne, lililozungukwa na miti, ambako asubuhi za Septemba mvuke ulikuwa ukipanda polepole juu ya maji na wazee wakiogelea ndani yake bila kelele, vichwa tu vikionekana, kama watu wanaopita usingizini.

Hapo ndipo lilipomfika jambo ambalo hakutaka lifichwe siku ya kusomwa maisha yake. Mabwawa ya wazi huku hufungwa kabla ya baridi, na panapoumia upesi ni skima, yaani kile kisanduku kilichojengewa ukutani, kinachovuta majani na uchafu wa juu ya maji, kwa sababu maji yakibaki ndani yake na kuganda, barafu hutanuka na kukipasua. Fundi hushusha maji mpaka chini ya mdomo wa skima, hupuliza mabomba yakauke, huyaziba, kisha husimamisha ndani ya skima chupa tupu ya plastiki iliyofungwa vizuri, yenye kokoto kidogo ili isielee, ili barafu ikitanuka iibonyeze chupa na kuuacha ukuta. Tarehe 20 Novemba 2009, katikati ya kazi hiyo, alipigiwa simu kutoka shuleni kwamba Cheryl ana homa kali, akaondoka mbio kabla hajashusha maji vya kutosha, chupa akaisahau garini, na kwa shughuli za wiki zilizofuata hakurudi kuhakikisha.

Januari ile barafu ilikaa siku nyingi. Machi, walipofunua bwawa, skima ilikuwa imepasuka juu hadi chini, maji yamepenya nyuma ya ukuta na kuumomonyoa udongo, na ikabidi bwawa lifungwe. Ranjit, kwa kumwonea huruma, alimwambia, "Sema ni baridi tu, nani atajua?" Barnabas hakulala vizuri siku tatu, kisha akaenda mbele ya wanachama, kofia mkononi, akasema, "Baridi ilikuwa kali, lakini kosa ni langu. Sikumaliza kazi."

Aliyemjibu ni Bibi Audrey, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, ambaye tangu apasuliwe nyonga alikuwa akitembea bila maumivu akiwa majini tu, na ambaye ndiye aliyepoteza zaidi kiangazi kile. Alimtazama akamuuliza, "Wewe mwenyewe unaogelea?"

"Hapana, mama. Sijui kabisa."

"Basi tengeneza, halafu uingie. Nitakufundisha mimi."

Alichimba, akavunja saruji, akaweka skima mpya na mabomba mapya, jioni na siku zake za mapumziko, na bwawa likafunguliwa tarehe 14 Agosti 2010. Kisha ikaja Desemba ya mwaka ule, ambayo wengi wenu mnaikumbuka, barabara nyeupe, mabomba ya nyumba yakipasuka mtaa mzima, na Barnabas kila asubuhi akipitia Yarrow kuinua ukingo wa turubai na kuchungulia. Barafu ilipoyeyuka alikuta skima nzima, haina hata ufa, na chupa ndani imebonyea kabisa, akaja nayo nyumbani akaiweka katikati ya meza ya chakula.

"Baba Ronny, umetuletea takataka mezani?" Nyokabi akauliza.

"Iache kidogo tu," akasema, akaketi akaitazama, na Nyokabi alipomkaribia aliona analia.

Tarehe 2 Julai 2011, akiwa na miaka arobaini na minane, Barnabas alielea chali kwa mara ya kwanza, kiganja cha Bibi Audrey kikiwa chini ya mgongo wake, kisha kikaondolewa bila yeye kujua, naye akabaki pale, masikio chini ya maji, akisikia moyo wake ukipiga taratibu na mawingu yakipita bila haraka, na alisema baadaye kwamba kwa muda ule hakujua kama yuko Harborne au Mwea, wala hakuona haja ya kuuliza.

Mwaka 2024 alianza kukohoa, na mwezi Novemba madaktari wakagundua kwamba mapafu yake yanakakamaa. Kufikia tarehe 18 Oktoba 2025 hakuweza tena kuinama, hivyo Cheryl ndiye aliyelifunga bwawa, baba yake akiwa kitini, blanketi magotini na mtungi wa oksijeni pembeni, akimwelekeza, "Kizibo usikikaze sana, mama, kitapasuka," na Cheryl, ambaye humjibu kwa Kiingereza siku zote, safari hii alimjibu kwa Kiswahili, "Nimekuelewa, Baba."

Alilazwa tarehe 9 Januari 2026, na Jumanne tarehe 20, saa tisa alasiri, theluji ikianguka dirishani, akapumua mara ya mwisho, Nyokabi akimshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, na mjukuu mmoja, Kendi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa daktari kijana aliyevuta kiti akakaa kabla ya kumweleza ukweli, Ranjit na wafanyakazi wote waliofunga kazi leo, wanachama wa Yarrow, na Bibi Audrey, ambaye ana miaka themanini na saba na ameketi hapa mbele. Tunamshukuru pia jirani yetu Bwana Haidari, ambaye asubuhi ya leo, bila kuombwa na mtu, alitoka na koleo akaondoa theluji kuanzia mlangoni petu hadi barabarani, ili waliombeba Barnabas wasiteleze.

Pumzika, Barnabas, na amani ya Mungu ikupokee.