Bi Sereana na Mipera ya Vunidamu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuzunguka bustani za watu, bibi shamba wetu, Sereana Naulumatua, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi.

Alianza na baiskeli na kisu kimoja. Kisu hicho kilimpa sifa mbaya: alikuwa akipasua pera la mwenyeji, akichungulia funza, ndipo akumbuke kusalimia.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kukitaja kijiji cha Vunidamu. Mzee Ilaitia alikuwa ametoka kumzika mkewe, Vasemaca. Mapera yao yakawa yanapendeza kwa nje, ndani yameoza. Tena mchana kweupe, bila upepo, majani makavu chini ya mipera yalitatarika kana kwamba mtu anatembea. Majirani wakasema ni marehemu, wakaja na mashoka. Mzee akakaa chini ya mti.

"Anzeni na mimi," akasema.

Sereana akawaomba miezi miwili. Akapiga magoti, akafunua majani. Funza wa nzi wa matunda, mamia kwa mamia, walikuwa wakijikunja na kuruka, wakitafuta udongo wa kujifukia.

"Marehemu wenu huyu hapa," akawaambia. "Hafiki hata punje ya mchele!"

Wakamkubalia miezi yake miwili.

Aliokota mapera yote yaliyoanguka, akayafunga ndani ya mifuko myeusi, akayaanika juani wiki nzima. Kisha yeye na mzee wakakata vyandarua vya Vasemaca, wakayavisha mapera machanga moja moja. Ukiwa barabarani, uliona mipera kama wanawake waliojitanda nguo nyeupe, wametulia tuli. Watu wakaanza kupita njia ya mbali.

Walivisha mapera mia mbili na kumi na moja. Walivuna mia mbili na kumi na mawili, yote safi. Hilo la ziada lilikuwa kileleni, ngazi isipofika, nalo limevishwa chandarua na kufungwa fundo. Wakaliangua kwa upondo.

"Mzee, ulipanda kule juu?"

"Kwa magoti haya, mwanangu? Hilo fundo ni la Vasemaca. Alifungia mikeka yake hivyo."

Akalila palepale, na mbegu zake, machozi yakimtiririka. Mashoka yakarudi nyumbani. Mipera ingali inazaa.

Kila tukimuuliza Sereana, hujibu, "Niliandika nilichohesabu." Taarifa yake ipo kabatini hadi leo, na hakuna mkuu aliyethubutu kuisahihisha.

Asante, dada yetu, kwa magoti uliyoyachosha kwenye bustani zetu. Siku zako za mapumziko ziwe nyingi na tamu.