Chumba cha Mama Kipakwe Rangi Gani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, mguu wake mmoja umekatika na nafasi yake imeshikwa na tofali. Upande wa tofali hukaa Jaji. Hajawahi kukanyaga mahakamani, lakini jambo halipiti mbele yake bila hukumu. Katikati hukaa Dokta, ambaye wagonjwa wake wote ni redio. Dalali hakai, simu zake hazimpi nafasi. Asubuhi hiyo alikuja Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama wa nyumba ya pili kutoka kona. Aliwanunulia wote kahawa, akatandaza kadi za rangi gotini, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini: nyumba yao inauzwa, ndani inapakwa rangi ipendeze, na ndugu hawaelewani ipakwe ipi.

— Krimu, alisema Dalali. Mnunuzi akiingia asione kuta zenu. Aone makochi yake.

— Vyumba vyote?

— Vyote, mdogo wangu. Rangi ikishakuwa na sura ya mtu, bei inashuka.

— Napinga, alisema Jaji. Mchagua jembe si mkulima, na wewe unachagua jembe. Sebule iwe kijani. Kijani kinatia njaa, na mwenye njaa habishani bei.

— Mwenye njaa anaondoka kwenda kula! alidakia Dokta. Siri iko darini. Ipake samawati iliyofifia, dari inapanda. Mimi nilipaka kwangu, mpaka leo mke wangu analalamika taa haifikiki.

— Basi mlango upakwe mwekundu kwa ndani, alisema Jaji. Mnunuzi akishaingia, aogope kutoka.

Wakacheka. Kitinda alicheka kuwapita wote. Alikuwa na kiu ya kicheko hicho tangu alfajiri. Kilimpa sababu ya kutotazama dirisha la nyumbani kwao.

— Na vitu vya zamani vifichwe, Jaji aliendelea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yaani msala ukipita, mbachao usionekane.

— Wahenga wangekusikia wangekufungulia kesi, Jaji wewe. Dokta alimgeukia Kitinda. Na chumba cha mama?

— Nacho krimu.

— Mwenyewe ameridhika?

— Amefurahi mno.

— Kuuza nyumba?

Kitinda aliigeuza kadi, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu.

— Kupakiwa rangi.

Dokta aliweka kikombe chini.

— Kitinda. Mama anajua nyumba inauzwa?

— Tutamwambia ikikauka.

— Ikikauka!

— Kaka mkubwa ndiye aliyepanga hivyo, nyumba iko kwa jina lake. Mimi nimetumwa rangi tu. Nilipoingia na makopo mama alinikumbatia, akamwita jirani aje aone mwanawe alivyomkumbuka. Ningesema nini, mbele ya jirani?

— Akitoka hapo ataishi wapi?

— Tutampokezana. Kwangu kidogo, kwa dada kidogo.

— Kama ngazi ya kuazima, alisema Dokta.

Dalali alikohoa.

— Lakini tuseme kweli, mtu mzima habari hizi hapewi mapema, presha itapanda. Mficha uchi...

— Usimalizie, alisema Jaji.

Hapo ndipo mama mwenyewe alipotokea. Kijiweni hakuwa amewahi kufika. Alipaita ghala la wavivu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na matone meupe, na alitembea upesi, kama mtu anayesubiriwa.

— Shikamoo mama, walisema kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Nimesikia mnamsaidia mwenzenu kuchagua rangi. Mbarikiwe. Alifumbua kiganja. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya kadi, krimu na manjano. Fundi ananiharakisha, na hiki ni chumba changu cha kulala. Moyo wangu uko kwenye manjano, lakini kuhamisha kitanda tena sitaki. Nyinyi mnayajua haya. Ipi itadumu mpaka nife?

Alimtazama Jaji kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Jaji alichungulia kikombe chake, kumbe kilikuwa kitupu. Simu ya Dalali iliita. Aliiacha iite mpaka ikachoka.

— Mbona kimya? Nimeuliza vibaya?

— Hapana, mama, alisema Dokta.

Kitinda alisimama ampishe. Mama alikaa, akamshika mkono, akaufuta rangi kwa ncha ya kanga yake.

— Nawe kaa, baba. Tangu jana unahangaika kwa ajili yangu tu.

Alimvuta taratibu. Nafasi ilikuwepo, Dokta alikuwa ameshasogea. Kitinda alibaki amesimama.