Mlango Wazi, Kipa wa Uwanja wa Kiwanda cha Sabuni

Jina kamili la marehemu liko kwenye jalada la karatasi mliyoshika, chini ya picha yake, kwa hiyo sitalirudia. Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake, fundi cherehani. Wengi wenu hapa mmevaa nguo nilizoshona mimi. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu baba yake hawezi, mama yake hataki, na ndugu wote wanajua kwamba mdomo wangu haukwami. Juzi Jumanne kaka yangu, ambaye mnamjua kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, alikuja dukani kwangu na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Alitaka isomwe hapa kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. Sitaisoma karatasi hiyo. Nitasoma mambo yalivyokuwa, tangu mwanzo, na nikikaribia mwisho nitasema na jambo langu, ambalo wifi yangu bado hajalisikia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2008, saa mbili asubuhi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alikuwa na kilo mbili na robo, na mkunga alimwambia mama yake, "Mwili hana, lakini mikono hii itafanya kazi." Alichelewa sana kusema. Alipofika miaka mitatu alikuwa bado anaonyesha kwa kidole, na bibi yake alimpeleka mara mbili kupimwa masikio. Masikio yalikuwa mazima. Dada yake ndiye aliyekuwa akimsemea, "Anataka maji," "Anaona baridi," na yeye akiitikia kwa kichwa, basi hakuona sababu ya kujisumbua.

Alianza darasa la kwanza Januari 2015 na kumaliza la saba mwaka 2021. Januari 2022 aliingia sekondari, na mpaka mauti yanamkuta alikuwa kidato cha tatu. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Ripoti yake ya mwaka wa kwanza bado ipo, na mwalimu aliandika maneno machache tu: "Mtoto mtiifu. Hatujawahi kusikia sauti yake."

Jumamosi ya tarehe 4 Februari 2017, akiwa na miaka minane, alipelekwa na dada yake kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwenye timu ya watoto wa chini ya miaka kumi. Kocha wa timu hiyo, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa hesabu, aliuliza nani atakaa golini. Watoto wote wakasema hapana. Marehemu hakusema kitu, basi wakamweka yeye. Siku ile alifungwa mabao kumi na moja. Kabla ya mechi kwisha alikuwa ameshapewa jina, Mlango Wazi, na jina hilo lilimganda mpaka juzi.

Alipita dukani kwangu akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza kama amefurahi, akaitikia kwa kichwa. "Umepigwa kumi na moja," nikamwambia, "umefurahi nini sasa?" Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga, kisha akanijibu, na hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimezisikia kwake. "La kumi na mbili nilidaka, shangazi."

Msimu ule timu ilicheza mechi tisa na yeye akafungwa mabao arobaini na moja. Nayasema haya mbele ya kaburi lake bila aibu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuyaonea aibu. Aliyaandika kwenye daftari, kila bao lilivyoingia na mahali alipokuwa amesimama. Kocha akaanza kumfundisha kwa kamba. Alifunga kamba mbili, kila moja kwenye mlingoti wake, akazikutanisha pale ulipo mpira, kisha akamsimamisha mtoto katikati. "Piga hatua moja mbele," akamwambia. "Sasa angalia kamba." Mtoto akaona kwamba kila akisogea kuelekea mpira, nafasi ya kumpita inapungua. Alifanya zoezi hilo kila Jumamosi kwa miezi minne, mpaka hakuhitaji kamba tena. Kuanguka alijifunzia nyumbani, juu ya gunia la mabaki ya vitambaa nililompa mimi. Alianza kwa kuangukia tumbo, akaumia. Akajifunza kuangukia ubavu, kulia kwanza, halafu kushoto, ambako kulimchukua mwaka mzima.

Lililobaki gumu lilikuwa mdomo. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, na asiposema, mabeki wake wanacheza gizani. Yeye alikuwa anapiga mlingoti kwa kiganja ili wageuke. Mwaka 2019 mpira wa juu ulikuja, akautokea kimya kimya, beki wake naye akautokea, wakagongana, na beki akapoteza jino la mbele. Kijana huyo yupo hapa, na pengo lake lipo. Siku iliyofuata marehemu alijifungia stoo ya baba yake na kuanza kupiga kelele peke yake, "Wangu! Wangu!" mpaka jirani akaja mbio kuuliza ameibiwa nani. Wiki chache baadaye, mezani, mbele ya watu wote, alisema kwa sauti ya kawaida, "Nipitishie chumvi." Mama yake aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kanga, na chumvi hakuna aliyeipitisha.

Tangu hapo tulikuwa na mtoto mwingine nyumbani. Darasani alinyoosha mkono. Dukani alidai chenji yake. Kidato cha pili alisimama mbele ya wazazi wote akaeleza kwa nini timu inahitaji mipira mipya, nami nilikuwa nimekaa nyuma nikihesabu maneno yake. Aliwapanga mabeki wake kwa majina, akawatuliza wakifungwa, na akishinda alikwenda kwanza kumshika mkono kipa wa upande wa pili, kwa kuwa alijua raha na uchungu wa kusimama pale. Msimu wa 2023 walicheza mechi kumi na mbili na alifungwa mabao saba. Wageni walishangaa kusikia kipa kama yule anaitwa Mlango Wazi.

Nimesikia watu wakinong'ona tangu Jumatatu kwamba mpira ndio uliomuua. Tafadhali msiendelee kusema hivyo nikiwa nasikia. Mpira ulimpa yule mtoto mdomo wake, na miaka mitano tuliyozungumza naye tulipewa na ule uwanja.

Kazi hakuwahi kuajiriwa. Wakati wa likizo alimsaidia baba yake karakana, akishika bomba upande mmoja huku kaka yangu akichomelea upande wa pili, na kinyago cha kukinga macho kikimshukia mpaka kidevuni. Wasifu wa namna hii huwa na aya ya ndoa. Mimi sina cha kuandika hapo.

Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu milingoti ya uwanja ule ilikuwa miti miwili, na juu hapakuwa na kitu. Mpira ukipita juu kidogo ya mikono, ugomvi. Mwezi wa pili marehemu alimwendea baba yake karakana. "Baba, naomba kitu," alisema. Kaka yangu ananiambia hakuwahi kuombwa kitu na mtoto yule kabla ya hapo, na kwamba angemtengenezea hata meli. Siku za kazi malori ya kiwanda huegeshwa uwanjani, kwa hiyo magoli yalitakiwa yawe ya kubebeka. Akatengeneza mawili ya mabomba. Mpira ulipogonga mwamba wa juu ukawa unatetemeka, na kaka yangu, ambaye hawezi kuona kazi yake inatetemeka, akautoa akaweka bomba nene la maji. "Huu hata wajukuu wataukuta," alisema. Juu pakawa pazito kuliko chini. Alilijua hilo, na ndiyo maana akaagiza kila goli liwekewe magunia manne ya mchanga nyuma, na akamwambia kocha mbele ya timu nzima, "Bila magunia, msicheze." Magunia manane ya turubai niliyashona mimi.

Marehemu hakuugua. Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, timu ilikuwa inapasha misuli kabla ya mechi. Magunia mazima yalikuwa matano. Kocha aliweka manne kwenye goli la mbali na moja kwenye la karibu, alilosimama marehemu, akisema ni dakika chache tu. Marehemu alipangua shuti la chini upande wa kushoto, akainuka, akaona wavu umechomoka juu. Akaruka kuushika mwamba ili aurudishe wavu kwenye ndoano. Goli lilimfuata. Bomba lilimpiga kisogoni. Dereva wa lori la kiwanda alimpeleka hospitali akiwa amelala mapajani mwa kocha. Hakuzinduka. Alifariki Jumatatu, tarehe 13 Mei, saa tisa alasiri, akiwa amebakiza siku moja kutimiza miaka kumi na mitano na miezi tisa. Kaka yangu aliponyoosha mkono kumshika mkewe pale wodini, wifi alimwambia, "Usiniguse. Wewe na vyuma vyako." Tangu saa hiyo yeye yuko chumbani na mumewe yuko karakana, na leo mnawaona wamekaa kila mmoja upande wake wa kaburi.

Sasa jambo langu.

Wifi yangu, unajua kwamba magunia yalikuwa matano. Hujaambiwa matatu yalikuwa wapi. Jumatano, tarehe 8, lori lilirudi nyuma likayakanyaga yakapasuka. Alhamisi mchana kocha na mwanao waliniletea dukani. Nilikuwa na sare za shule mpaka juu ya meza, nikawaambia waje Jumatatu. Mwanao akasema, "Shangazi, Jumamosi tuna mechi." Alisema kwa sauti safi kabisa, ile sauti yake mpya. Nami nikamjibu, "Kwani magoli yana miguu, yatakimbia?" Akacheka kwa adabu, wakaondoka.

Jumatatu, nilipotoka hospitali, nilikwenda dukani nikayashona. Nilitazama saa. Yalinichukua dakika kumi na nane, yote matatu. Kaka yangu anajua. Nilimwambia Jumanne aliponiletea karatasi yake, na alichonijibu ni, "Usimwambie mama yake, utampoteza wifi." Alikuwa tayari abebe yote peke yake ili mimi nibaki na wifi. Ndiyo sababu nimekwenda mwenyewe kwa mpiga chapa, na maneno haya yamo kwenye karatasi mkononi mwako, ukurasa wa tatu, ili asitokee mtu wa kukwambia nilikuwa nimechanganyikiwa.

Kaka yangu aliweka bomba zito, na aliweka na tahadhari yake. Tahadhari ilikuwa sakafuni kwangu, imekunjwa chini ya kitambaa cha watu. Sikuombi unisamehe leo, na kesho sitakuomba. Ninachokuomba ni kwamba hasira uliyompa yeye uiondoe kwake, uilete kwangu. Duka unalijua lilipo. Nitakaa kwenye kiti changu, useme mpaka uchoke.

Marehemu ameacha bibi yake. Dada yake, ambaye sasa hana wa kumsemea. Mdogo wake wa miaka tisa. Kocha wake, ambaye pia anahitaji mtu wa kumsogelea leo. Wachezaji wenzake kumi na saba. Na shangazi mmoja. Ameacha pia baba na mama. Wazee walikuwa wamewaandika kwenye mistari miwili, nami nimewarudisha kwenye mstari mmoja, kwa kuwa Jumamosi ile saa mbili asubuhi, alipokuwa anafunga kamba za viatu pale mlangoni, mlikuwa mmekaa kwenye benchi moja mkimcheka kwa kuchelewa, na hivyo ndivyo alivyowaacha.

Lala kwa amani, mwanangu.