Pakiti Ishirini za Dada Yetu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na muuza mboga. Mimi ninayewasomea ndimi kitindamimba. Alinibeba mgongoni hadi majirani wakamuuliza kama nina miguu.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza upishi. Mwaka 1984 aliajiriwa jikoni katika shule ya bweni. Wanafunzi walimwita Mama Ishirini, kwa kuwa uji wa asubuhi aliupika kwa pakiti ishirini za unga, hesabu aliyoikuta imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo.

Mwaka 1987 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011. Shemeji alikuwa akitutania kwamba hata sukari ya chai anahesabiwa vijiko.

Mwaka 2019 uji ulianza kuwa mwepesi. Pakiti zilikuwa zile zile ishirini, picha ile ile, rangi ile ile. Mwalimu mkuu akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kuanzia siku hiyo mlinzi akawa anapekua mkoba wa dada getini kila jioni. Hakupata kitu ila miwani na kitambaa cha kichwa. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Akiba haiozi. Nyumbani dada alikuwa na pakiti kuukuu ya unga huo huo, aliyohifadhia vifungo vya nguo. Iliandikwa kilo mbili. Mpya iliandikwa kilo moja na robo tatu. Alizipeleka zote ofisini, mwalimu mkuu akazisoma, akamrudishia.

“Unga umepanda bei, mama. Zitabaki ishirini.”

Hakuomba radhi, na upekuzi haukukoma hadi dada alipostaafu mwaka 2021.

Shinikizo la damu lilimwandama tangu hapo. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili na sisi wadogo zake watatu. Binti yake ndiye mpishi wa shule ile sasa. Jana nilinunua unga wa kuwapikia waombolezaji, nikaigeuza pakiti: kilo moja na nusu. Nilimwonyesha. Akasema, “Mjomba, wameanza kunipekua tangu Ijumaa.”

Lala kwa amani, dada. Hukuchukua kitu.